Kipimo cha Bei Nafuu ni Kile Ambacho Majibu Yake Yamefika

Mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU anaweza kuonekana mzima machoni pa kila mtu. Anapalilia migomba, anachuma kahawa, anahudhuria misiba na harusi, na mwili wake haujapungua hata kidogo. Wakati huohuo virusi vinaweza kuwa vimeanza kuzaliana upya ndani ya damu yake, ama kwa sababu dawa zimekuwa zikirukwa, ama kwa sababu virusi vimekuwa sugu. Daktari hawezi kuliona hilo kwa macho, wala mgonjwa hawezi kulihisi. Miezi mingi hupita kabla ya homa, utando mweupe kinywani au kikohozi cha kifua kikuu kutoa habari. Kipimo cha damu huitoa mapema zaidi.

Kwa nchi tajiri, swali la vipimo lilijibiwa zamani: pima kila kitu, na upime mara kwa mara. Kwa kituo cha kijijini Kashozi, kaskazini mwa mji wa Bukoba, au kwa zahanati iliyo kisiwani wilayani Muleba, jibu hilo halina msaada. Fedha ni kidogo, umeme hukatika, na mtaalamu wa maabara akiwapo ni mmoja. Lazima kuchagua. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba unafuu wa kipimo usihesabiwe kwa bei ya kitendanishi. Uhesabiwe kwa gharama ya kila jibu lililomfikia mgonjwa kwa wakati na likaongoza tiba yake. Kipimo cha dola 9 ambacho majibu yake yamelala kwenye faili ni ghali kuliko cha dola 20 ambacho majibu yake yametumika siku ileile.

Mkoa ulioumia mapema

Kagera ina haki ya kuulizwa kwanza katika jambo hili. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini Tanzania walipatikana mkoani hapa mwaka 1983, na Hospitali ya Ndolage iliyoko Muleba inatajwa katika kumbukumbu hizo. Kabla ugonjwa haujapata jina la kitaalamu, watu waliuita Juliana, jina la vitambaa vilivyokuwa vikivushwa na wafanyabiashara mpakani mwa Uganda. Mwaka 1987 wataalamu wa Muhimbili na wenzao walipima damu za watu wazima mkoa mzima. Mjini Bukoba asilimia 24.2 walikuwa na maambukizi. Vijijini Bukoba na Muleba ilikuwa asilimia 10, Karagwe asilimia 4.5, na Ngara na Biharamulo asilimia 0.4.

Upimaji huo ulirudiwa. Bukoba mjini maambukizi yalishuka hadi asilimia 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996, na Muleba yalikuwa asilimia 4.3 mwaka 1999. Watu walikuwa wamebadili mienendo, ingawa wengi pia walikuwa wamekwisha kuzikwa. Kwa miaka ishirini, damu iliyochukuliwa Kagera iliwaeleza watafiti ukubwa wa janga, lakini haikumletea mwenye damu dawa. Dawa za bure zilianza kutolewa nchini Oktoba 2004. Hapo ndipo swali lilipogeuka: kipimo kilichokuwa kikihesabu wagonjwa kikatakiwa kianze kuongoza tiba ya kila mmoja.

Miaka ya CD4

Kipimo kilichotawala mwanzoni ni hesabu ya CD4, zile chembe nyeupe ambazo VVU huzishambulia. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 katika kila milimita moja ya ujazo wa damu. Katika miaka ya mwanzo, dawa zilitolewa kwa mtu aliyeshuka chini ya 200 au aliyekwisha kuugua magonjwa nyemelezi mazito. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipandisha kiwango hicho hadi 350 mwaka 2009, kisha 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 likakiondoa kabisa: kila anayekutwa na VVU aanze dawa. Tanzania ilianza kutekeleza hilo Oktoba 2016.

Maana yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka kumi CD4 ilikuwa mlango. Mtu alipimwa, akakutwa na VVU, halafu akaambiwa asubiri hesabu. Mashine zenyewe zilikaa kwenye hospitali kubwa. Damu ilitakiwa ifike ikiwa bado mbichi, ndani ya siku moja au mbili, la sivyo chembe huharibika. Kwa anayetoka Kashozi, au kwa mvuvi wa visiwa vya Goziba na Bumbire, hilo lilimaanisha nauli ya kwenda, siku ya kazi iliyopotea, kisha nauli nyingine ya kufuata majibu. Wapo waliochoka njiani wakarudi baadaye wakiwa wamebebwa.

Njia za mkato zilijaribiwa. Ilipendekezwa kuhesabu limfosaiti zote kwa darubini ya kawaida, au kumpanga mgonjwa katika hatua nne za ugonjwa kwa kumwangalia tu. Kuanzia mwaka 2010 hivi zikaja mashine ndogo za mezani kama Pima, inayotumia tone la kidoleni na kutoa hesabu kwa dakika kama 20. Hatua hiyo ilikuwa kubwa, kwa sababu safari ya pili iliondoka.

Jaribio lililotikisa mawazo ya wengi lilifanyika nje ya mipaka yetu. Linaitwa DART, na lilifuatilia wagonjwa 3,316 wa Entebbe, Kampala na Harare kuanzia mwaka 2003. Nusu yao waliangaliwa kwa vipimo vya maabara kila baada ya wiki 12, ikiwemo CD4. Kwa nusu ya pili, matabibu waliongozwa na dalili, na majibu ya maabara, isipokuwa ya CD4, walipewa pale tu palipokuwa na sababu ya kitabibu. Baada ya miaka mitano, asilimia 90 ya kundi la kwanza walikuwa hai, na asilimia 87 ya kundi la pili. Bila dawa, ilikadiriwa kwamba wangebaki hai 8 tu katika kila 100.

DART ilitufundisha mambo matatu ambayo hayajazeeka. Kwanza, kumnyima mtu dawa kwa sababu kituo hakina maabara ni kumwacha afe. Pili, vipimo vya kila mara vya ini, figo na wingi wa damu, vilivyokuwa vikifanywa kutafuta madhara ya dawa, havikuongeza usalama wa maana kwa mgonjwa asiye na dalili. Fedha hizo zingeweza kununua dawa kwa wengine. Tatu, CD4 ilisaidia, lakini faida yake ilianza kuonekana kuanzia mwaka wa pili wa tiba. Tayari somo lilikuwapo: kila kipimo kiulizwe kinabadilisha uamuzi gani, na kwa nani.

Udhaifu wa kukisia

Tatizo la CD4 kama mwangalizi wa tiba ni kwamba inasoma athari ikaacha chanzo. Virusi huongezeka kwanza, kinga hushuka baadaye. Isitoshe, hesabu ya mtu mmoja hupanda na kushuka kwa sababu ya malaria, ujauzito, hata saa ya siku. Mwaka 2009 watafiti wa mpango wa AMPATH ulioko Eldoret, Kenya, walichapisha matokeo ya wagonjwa 149 ambao CD4 yao ilikuwa imeshuka kwa robo au zaidi, jambo lililodhaniwa kuwa dalili ya dawa kushindwa. Walipopima wingi wa virusi wenyewe, zaidi ya nusu ya wagonjwa hao virusi vyao vilikuwa vimefubaa vizuri. Kwa kufuata CD4 peke yake, watu hao wangehamishiwa dawa za mstari wa pili, zilizo ghali zaidi na zenye usumbufu zaidi, bila sababu. Upande wa pili wapo ambao CD4 yao ilitulia huku virusi vikijijengea usugu.

Hapa hesabu ya unafuu inageuka. Kipimo cha bei ndogo kinachomhamisha mtu dawa kimakosa kinaipa bohari ya dawa mzigo wa miaka. Waswahili husema rahisi huvunja upishi.

Wingi wa virusi, na safari ya kichupa

Mwaka 2013 WHO ilitangaza kwamba kipimo cha wingi wa virusi ndicho kitangulizwe katika kufuatilia tiba. Mwaka uliofuata kampuni ya Roche ilikubali kushusha bei hadi dola 9.40 kwa kipimo kimoja kwa nchi zenye uhitaji. Mwaka 2018 kampuni ya Hologic ikaja na bei ya dola 12 inayojumuisha mashine, matengenezo na vitendanishi. Mpango huu wa pili ulikuwa na busara zaidi kuliko wa kwanza, kwa sababu mashine iliyonunuliwa bila mkataba wa matengenezo huishia kufunikwa kitambaa.

Katika kliniki zetu za tiba na matunzo, zinazojulikana zaidi kama CTC, mtu mzima hupimwa miezi sita baada ya kuanza dawa, hurudia akitimiza mwaka mmoja wa dawa, kisha kila mwaka. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto hupimwa kwa ukaribu zaidi. Kipimo ni kimoja, lakini tazama kinavyosafiri.

Damu huchukuliwa mkononi, huwekwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau, na ndani ya saa 24 inatakiwa izungushwe kwenye mashine ili maji ya damu yatengane na chembe. Maji hayo huhamishiwa kichupa kingine na kuwekwa kwenye ubaridi. Kinafuata kisanduku cha barafu, pikipiki hadi kituo kikubwa, gari hadi maabara yenye mashine. Umeme ukikatika kabla ya kuzungusha, sampuli imekufa. Namba ya mgonjwa ikikosewa tarakimu moja, sampuli ni yatima.

Njia nyingine ni karatasi. Kidole huchomwa, matone hudondoshwa kwenye duara tano zilizochapwa kwenye karatasi nene ya kunyonya, na karatasi huachwa ikauke saa tatu au nne bila kuguswa. Halafu hufungwa kwenye mfuko pamoja na vidonge vya kunyonya unyevu. Ikishakauka, haihitaji barafu, na inaweza kukaa wiki kadhaa. Kwa visiwa vya Muleba, ambako mtumbwi husubiri upepo utulie, karatasi hii ina thamani kubwa. Ila Bukoba ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, na masika hewa hujaa unyevu. Karatasi iliyofungwa kabla ya kukauka hurudishwa na maabara. Pia damu iliyokauka haina usahihi wa kutosha pale virusi vinapokuwa vichache sana. Inatosha kumtenganisha aliye juu ya nakala 1,000 kwa mililita na aliye chini, na kwa uamuzi mkubwa wa tiba mpaka huo ndio unaohitajika. Mwaka 2023 WHO ilieleza kwamba mwenye virusi visivyoonekana kwenye kipimo hana hatari ya kumwambukiza mwenzi wake kwa kujamiiana, na aliye chini ya 1,000 hatari yake ni karibu na sifuri. Habari hiyo inastahili kusemwa kwa sauti katika kila CTC.

Majibu yaliyorudi na yaliyotumika

Kipimo hakiishii maabara. Majibu yanatakiwa yarudi kituoni, yaingizwe kwenye kadi ya mgonjwa, yasomwe na mtu anayejua maana yake, na mgonjwa aitwe. Wagonjwa wengi waliotulia sasa huchukua dawa za miezi mitatu au sita kwa mkupuo mmoja. Mpango huo umewaondolea nauli na foleni, lakini ikiwa hakuna anayepiga simu, jibu baya linaweza kumsubiri mwenyewe nusu mwaka.

Jibu likiwa juu ya 1,000, mgonjwa huanza unasihi wa ziada wa ufuasi wa dawa. Hukutana na mtoa huduma mara kadhaa, hutafuta pamoja kinachokwamisha, kisha hupimwa tena baada ya miezi kama mitatu. Tangu Tanzania ilipoanza kutumia dawa ya dolutegravir mwaka 2019, usugu umekuwa mgumu kujengeka kuliko zamani, na mara nyingi jibu la juu lina maana kwamba dawa hazimezwi. Anayefika kwenye sababu ni mtu wa kuzungumza naye: mume asiyejua hali ya mkewe, kijana wa bweni anayeficha kopo la dawa, mvuvi aliyehama kambi. WAVIU washauri, yaani watu wanaoishi na VVU waliofunzwa kuwashika mkono wenzao, ndio wanaoyageuza majibu ya maabara kuwa tiba. Bajeti inayonunua vitendanishi ikawasahau hao imenunua nusu ya kipimo.

Kuhusu kasi, ushahidi upo. Mjini Durban, Afrika Kusini, wagonjwa 390 waligawanywa: wengine walipimwa kwa mashine ya GeneXpert iliyowekwa kliniki na kupewa majibu siku ileile, wengine sampuli zao zilikwenda maabara kama kawaida. Baada ya mwaka, waliobaki kwenye tiba na virusi vyao vikiwa vimefubaa walikuwa asilimia 90 katika kundi la kwanza na 76 katika la pili. Dawa zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni muda wa majibu, na kwamba wauguzi waliofunzwa waliruhusiwa kuyafanyia kazi papo hapo.

Mtoto hana muda wa kusubiri

Kwa mtoto mchanga, kuchelewa kuna gharama ya uhai. Kinga za mama hubaki katika damu yake hadi miezi 18, hivyo kipimo cha kawaida cha haraka hakiwezi kusema kama ameambukizwa. Lazima kitafutwe kirusi chenyewe, na kwa miaka mingi tone la kisigino cha mtoto wa Kanda ya Ziwa limesafiri kwenye karatasi hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza. Bila dawa, karibu nusu ya watoto walioambukizwa hufariki kabla ya kutimiza miaka miwili, na vifo vingi hutokea katika miezi ya kwanza.

Nchini Msumbiji, jaribio lililochapishwa mwaka 2018 lililinganisha vituo vilivyopima watoto papo hapo na vilivyotuma sampuli mbali. Watoto wenye maambukizi walioanza dawa ndani ya siku 60 walikuwa asilimia 89.7 kwenye vituo vya kwanza, na asilimia 12.8 kwenye vya pili. Sijui hoja ya kiuchumi inayoweza kusimama mbele ya tofauti hiyo. Katriji ya kumpima mtoto mezani ni ghali kuliko karatasi, lakini watoto wanaohitaji kipimo hiki katika wilaya ni wachache ukilinganisha na watu wazima. Tuanzie kwao.

CD4 bado ina kazi

Kwa kuwa dawa sasa hutolewa kwa wote, baadhi ya mipango imeiacha CD4 ikafa. Hilo ni kosa. Bado wapo wanaofika kliniki wakiwa hoi, na wengine wanaorudi baada ya kuacha dawa kwa mwaka mzima. Mtu aliye chini ya 200 anakabiliwa na kifua kikuu na homa ya uti wa mgongo ya fangasi, na vidonge vya kufubaza virusi havifanyi kazi kwa haraka ya kumwokoa wiki hiyo.

Hapa ndipo vipimo vidogo vya mezani vinaposhinda. Kipo kipimo cha CD4 cha ukanda, VISITECT, chenye mistari kama ya kipimo cha mimba, kisichohitaji mashine wala umeme. Hutoa jibu kwa dakika 40 kwa karibu dola 4, kikisema tu kama mtu yuko juu au chini ya 200. Kwa aliye chini, kinafuata kipimo cha damu cha kutafuta fangasi wa kriptokoka, na kipimo cha mkojo cha kifua kikuu kinachoitwa LAM. Jaribio la REMSTART la Dar es Salaam na Lusaka, lililoongozwa na Sayoki Mfinanga wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, lilihusisha wagonjwa 1,999 wenye CD4 chini ya 200. Miongoni mwa waliopimwa kriptokoka na kutembelewa nyumbani katika wiki za kwanza, vifo vilikuwa pungufu kwa asilimia 28 kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Angalia muungano huo: kipimo cha ukanda pamoja na mtu anayebisha hodi mlangoni.

Kila kipimo na mahali pake

Kutokana na hayo, mpangilio wa busara kwa Bukoba na Muleba unajitokeza wenyewe. Katika zahanati na kituo cha afya, kiwepo kila kisichohitaji mashine: kipimo cha haraka cha VVU, CD4 ya ukanda kwa wanaoanza na wanaorudi, kriptokoka, LAM, na karatasi za matone ya damu. Katika hospitali kama Rubya na Ndolage, mashine za GeneXpert zinazotumika kwa kifua kikuu zipime pia watoto wachanga, na wingi wa virusi kwa wajawazito na kwa waliomaliza unasihi wa ziada, maana hao jibu lao haliwezi kungoja. Kipimo cha mwaka cha mtu mzima aliyetulia kiendelee kusafiri hadi maabara kubwa, ambako wingi wa sampuli hushusha gharama. Kipimo cha usugu, kilicho ghali kuliko vyote, kibaki kwa wachache wanaomeza dawa kwa uhakika na bado virusi havishuki. Vipimo vya ini na figo vifanywe kwa mwenye sababu.

Gharama haiwezi kuzungumzwa bila kumtaja mlipaji. Sehemu kubwa ya vitendanishi, usafirishaji wa sampuli na posho za washauri imetegemea fedha za nje, hasa za mpango wa PEPFAR wa Marekani. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na mengi tuliyoyadhani ya kudumu yakaonekana yalivyoshikiliwa na mkono wa mtu mwingine. Yaliyopatikana si madogo. Tafiti za kitaifa zinaonyesha kwamba watu wazima wenye VVU ambao virusi vyao vimefubaa walikuwa takribani asilimia 52 mwaka 2016 na 2017, na wakafika asilimia 78 mwaka 2022 na 2023. Mafanikio hayo yanalindwa kwa kupima, na tukiacha kupima hatutajua yanapoporomoka mpaka wodi zijae tena.

Kwa hiyo madai yangu kwa halmashauri na kwa Wizara ya Afya ni ya kawaida na yanatekelezeka. Kila robo mwaka, kila CTC ibandike ukutani idadi ya sampuli ilizotuma, siku ambazo majibu yalichukua kurudi, na idadi ya waliokutwa juu ya 1,000 ambao wamekwisha kuitwa na kupimwa tena. Fedha za ndani zitengwe kwanza kwa watoto wachanga, wajawazito na wanaofika wakiwa hoi, ambao kuchelewa kwa jibu kunawagharimu maisha. Bei za kampuni zijadiliwe kwa jibu lililopokelewa, mashine na matengenezo vikiwa ndani yake. Na WAVIU washauri wawe na mshahara unaojulikana, kwa kuwa kazi yao ni sehemu ya kipimo. Kagera ilitoa damu yake mapema kuliko mikoa mingine ili nchi ijifunze kuhusu ugonjwa huu. Inastahili kudai kwamba kila tone linalotolewa leo lirudi na jibu, na kwamba jibu hilo lifanyiwe kazi.